Kutoka polisi hadi mzazi: jinsi majimbo ya Marekani yalivyogeuza picha chafu kuwa kesi ya fidia

Oktoba 1965, mvulana wa miaka 16 aliingia katika duka dogo huko Bellmore, kwenye kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Duka liliuza vifaa vya kuandikia na vyakula vyepesi, na rafuni kulikuwa na majarida yenye picha za wanawake walio uchi. Mvulana alinunua majarida mawili, akalipa, akatoka. Mama yake ndiye aliyemtuma, ili upatikane ushahidi wa kumshtaki mwenye duka, Sam Ginsberg.

Mama yule alikuwa na uchungu wake na alikuwa na majarida mkononi, lakini kesi haikuwa yake. Ilikuwa ya dola, yaani serikali. Bila mwendesha mashtaka kukubali kuibeba, majarida yale yangebaki karatasi tu. Ginsberg alitiwa hatiani, adhabu yake ikaahirishwa, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1968 akashindwa, majaji 6 kwa 3.

Mwaka 2022 bunge la jimbo la Louisiana lilipitisha sheria nambari 440. Chini ya sheria hiyo, mama kama yule hamsubiri mwendesha mashtaka. Anafungua kesi mwenyewe, kwa niaba ya mwanawe, na kudai fidia kutoka kwa mwenye tovuti. Majimbo mengine yakafuata kwa kasi kubwa. Wengi wetu tumeipata habari hii ikiwa imefupishwa: "Marekani yapiga marufuku ponografia." Haijapiga marufuku. Ilichofanya ni kuhamisha sehemu kubwa ya suala hili kutoka kwenye jinai na kuipeleka kwenye madai, na anayelea watoto Houston au Dallas leo anahitaji kuielewa tofauti hiyo kuliko kichwa cha habari chochote.

Jinai tunayoijua, madai tusiyoyazoea

Kwetu, ukitaja picha chafu mtu anamfikiria askari. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kifungu cha 181 kinachomwadhibu anayeuza au kusambaza machapisho machafu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta. Zote ni sheria za jinai: Jamhuri ndiyo inayoshtaki, na anayepatikana na hatia anatozwa faini au anafungwa. Chimbuko la fikra hii ni Uingereza. Mwaka 1868, katika kesi ya Hicklin, Jaji Mkuu Cockburn aliuliza kama chapisho lina mwelekeo wa kuwapotosha na kuwaharibu wale ambao akili zao ziko wazi kwa ushawishi wa aina hiyo. Kipimo hicho kilisafiri na Waingereza hadi kwenye makoloni yao. Hata Marekani ilikitumia, mpaka Mahakama ya Juu ilipokiacha mwaka 1957.

Madai ni jambo jingine kabisa. Katika jinai, kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Katika madai, mizani ikiegemea kwa mdai hata kidogo, ameshinda. Katika jinai dola ndiyo inayoamua nani ashtakiwe na nani aachwe, na inaweza kubanwa kwa uamuzi huo. Katika madai anayeamua ni raia, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Hakuna anayefungwa. Kinachotoka ni pesa, na pengine amri ya mahakama ya kuzuia jambo lisiendelee.

Ukisikia hivyo utadhani madai ni mlango mwepesi zaidi kwa mshtakiwa, maana hakuna jela. Kwa biashara ni kinyume. Kampuni haiogopi jela kama inavyoogopa kesi elfu moja zinazofunguliwa na watu elfu moja katika wilaya elfu moja, kila moja ikihitaji wakili.

Uchafu wa aina ngapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wanasheria, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Katiba ya Marekani, kwenye Marekebisho yake ya Kwanza, inalinda uhuru wa kusema na kuchapisha. Lakini Mahakama ya Juu imesema mara nyingi kwamba uchafu wenyewe hauna ulinzi huo. Tatizo likawa kuueleza. Mwaka 1964 Jaji Potter Stewart alikiri kwamba pengine asingeweza kamwe kuueleza kwa maneno yanayoeleweka, ila "naujua nikiuona". Watu wameyanukuu maneno hayo kwa kicheko kwa miaka sitini. Mimi nayaona ni ukweli mzito uliosemwa na mtu mwaminifu.

Kipimo kinachotumika hadi leo kilikuja mwaka 1973, katika kesi ya Marvin Miller wa California. Miller alituma kwa posta vipeperushi vya kutangaza vitabu vya ngono. Bahasha moja ilifika kwenye mgahawa mmoja huko Newport Beach, ikafunguliwa na meneja akiwa pamoja na mama yake, ambao hawakuwa wameagiza kitu. Wakaenda polisi. Kwa majaji 5 dhidi ya 4, mahakama ikaweka maswali matatu. Je, mtu wa kawaida, kwa viwango vya jamii yake, akiitazama kazi yote kwa ujumla, ataona inaamsha tamaa chafu? Je, inaonyesha tendo la ngono lililotajwa na sheria ya jimbo, kwa namna ya kuchukiza waziwazi? Je, kwa ujumla wake inakosa thamani ya dhati kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, kazi hiyo ni chafu kisheria na haina kinga hata kwa mtu mzima. Hilo ni fungu la kwanza.

Angalia jinsi kipimo hicho kilivyo kikali. Sehemu kubwa ya ponografia iliyo kwenye intaneti haijawahi kuhukumiwa kuwa chafu kwa maana hiyo. Kwa mtu mzima wa Marekani, kuitazama ni haki inayolindwa.

Ndipo linapokuja fungu la pili, lile la duka la Ginsberg. Majarida aliyouza yalikuwa halali kwa watu wazima, na mahakama ilikubali hivyo. Ilichosema ni kwamba jimbo linaweza kuwa na kipimo kingine kwa watoto: kitu ambacho si kichafu kwa baba kinaweza kuwa kichafu kwa mwanawe. Sheria za majimbo hukiita kitu hicho maudhui yenye madhara kwa watoto, na huchukua maswali yaleyale matatu ya Miller na kuongeza maneno "kwa mtoto" kwenye kila moja.

Fungu la tatu ni picha za watoto kudhalilishwa kingono. Hizo ni jinai kwa kila mtu, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1982 hazina ulinzi wa Katiba, na hazimo katika mjadala huu. Nazitaja kwa sababu nimeona watu wakizichanganya na fungu la pili. Kuzichanganya kunawakosea heshima watoto waliodhalilishwa.

Sheria ya Louisiana na zote zilizoiga zimesimama juu ya fungu la pili. Na ugumu wote unatoka hapo: tovuti ileile, picha ileile, ni haki ya mtu wa miaka 30 na ni madhara kwa mtoto wa miaka 12. Ginsberg aliweza kumtazama usoni aliyesimama mbele yake. Kompyuta haioni uso.

Waliojaribu kabla

Wazo la kutumia fidia halikuanzia Louisiana. Mwaka 1983 mwanasheria Catharine MacKinnon na mwandishi Andrea Dworkin waliandikia jiji la Minneapolis sheria ndogo iliyosema ponografia ni ubaguzi dhidi ya wanawake, na kwamba mwanamke aliyelazimishwa kupigwa picha hizo, au aliyeumizwa kwa sababu yake, aweze kumdai aliyezitengeneza na aliyezisambaza. Baraza la jiji likapitisha, meya Donald Fraser akakataa kutia saini. Indianapolis ikaichukua mwaka 1984. Wauza vitabu wakaenda mahakamani, na mwaka 1985 Jaji Frank Easterbrook wa mahakama ya rufaa akaifuta, si kwa kukataa kwamba ponografia inaumiza, bali kwa sababu sheria ile iliadhibu mtazamo fulani kuhusu wanawake na kuuacha mwingine. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo bila hata kusikiliza hoja.

Waliokuja baadaye walijifunza hapo. Hawakugusa mtazamo wala kuzungumzia usawa. Walishika neno moja ambalo mahakama ilikuwa imeshalikubali tangu Bellmore: mtoto.

Louisiana ilivyoandikwa

Aliyeleta mswada ni mbunge Laurie Schlegel, ambaye kitaaluma ni mshauri nasaha. Ameeleza kwamba alisukumwa na mahojiano ya redioni ya mwimbaji Billie Eilish, aliyesimulia jinsi alivyoanza kutazama ponografia akiwa na miaka 11 na jinsi ilivyomwathiri. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023.

Inasema hivi kwa ufupi. Ikiwa zaidi ya theluthi moja ya maudhui ya tovuti ya kibiashara ni yenye madhara kwa watoto, mwenye tovuti lazima ahakikishe umri wa kila anayeingia. Asipofanya hivyo na mtoto akaingia, atawajibika kumlipa fidia aliyeumia, pamoja na gharama za kesi na ada ya wakili. Vyombo vya habari vimeachwa nje, na vivyo hivyo kampuni zinazotoa huduma ya intaneti na injini za utafutaji.

Kuna kipengele cha pili ambacho hakizungumzwi sana, nami nakipenda. Mwenye tovuti, au kampuni aliyoipa kazi ya kukagua umri, akibaki na taarifa za kitambulisho chako baada ya kukuruhusu, nawe unaweza kumdai fidia. Kwa hiyo mlango wa madai umefunguliwa pande zote mbili: kwa mzazi ambaye mwanawe aliingia, na kwa mtu mzima ambaye siri yake haikufutwa.

Louisiana ilikuwa na bahati ya kuwa na LA Wallet, programu ya simu inayobeba leseni ya udereva ya kidijitali na inayoweza kuthibitisha umri bila kutoa jina. Ndiyo maana tovuti ya ponografia ya Pornhub, inayomilikiwa na kampuni ya Aylo ya Montreal, Canada, ilibaki Louisiana lakini ikawafungia wakazi wa Utah mwaka 2023 na wa Texas mwaka 2024. Kampuni yenyewe ilisema wageni wake wa Louisiana walipungua kwa takriban asilimia 80. Hiyo haina maana kwamba asilimia 80 waliacha. Wapo waliohamia kwenye tovuti zisizotii sheria yoyote, na wapo waliowasha VPN ili waonekane wako jimbo jingine.

Madhara yanathibitishwaje?

Sasa mchukue mama wa leo. Amegundua kwamba mwanawe wa miaka 13 amekuwa akiingia kwenye tovuti fulani kwa mwaka mzima. Anampata wakili. Wakili atamuuliza maswali ambayo hakuyatarajia. Umepata hasara gani? Una daktari wa kuieleza? Mtoto alitazama tovuti ngapi, na unajuaje kwamba iliyomuumiza ni hii na si ile nyingine, au simu ya rafiki yake shuleni?

Kudai fidia halisi maana yake ni kuunganisha tendo na jeraha kwa ushahidi, na jeraha la aina hii halionekani kwenye picha ya eksirei. Zaidi ya hapo, kesi inamtaka mtoto mwenyewe awe shahidi wa aibu yake mbele ya mawakili wa kampuni. Sheria ikampa mzazi haki. Haikumpa njia nyepesi ya kuitumia. Nadhani wanasiasa wengi hawakuwaambia wapiga kura jambo hili.

Baadhi ya majimbo yameziba pengo hilo kwa kuweka kiwango cha fidia ndani ya sheria yenyewe, kisichohitaji kuthibitisha kiasi cha hasara. Kansas, kwa sheria yake ya mwaka 2024, iliweka kisichopungua dola 50,000, na ikashusha kizingiti cha maudhui kutoka theluthi hadi robo. Kiasi kama hicho kinabadilisha hesabu ya wakili: kesi ambayo jana haikumlipa nauli, leo inamlipa.

Utamshtaki nani?

Kuna sababu nyingine ya kuchagua madai, na hii ndiyo inayostahili kueleweka kuliko zote.

Marekani ina desturi ya kuipinga sheria kabla haijamuumiza mtu. Ukiona sheria ya jimbo inakiuka Katiba, huishtaki sheria, wala kwa kawaida huwezi kulishtaki jimbo lenyewe. Unamshtaki ofisa anayeitekeleza, na kuiomba mahakama imzuie. Njia hiyo ilifunguliwa na uamuzi wa mwaka 1908. Lakini kama sheria haitekelezwi na ofisa yeyote, bali na raia yeyote atakayejisikia kudai, utamzuia nani? Huwezi kuomba amri ya zuio dhidi ya wazazi wote wa Utah.

Texas iliitumia mbinu hii mwaka 2021 katika sheria yake ya utoaji mimba, na Mahakama ya Juu ikaiacha iendelee kwa sehemu kubwa. Utah ikaandika sheria yake ya umri ya mwaka 2023 kwa kutegemea kesi za watu binafsi. Chama cha wafanyabiashara wa ponografia, Free Speech Coalition, kilipokwenda mahakamani, jaji aliwaambia wamewashtaki watu wasiohusika na utekelezaji, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Swali la kama sheria ni halali au si halali halikuguswa.

Sina machozi ya kuwalilia wenye tovuti zile. Lakini mbinu haina macho. Leo imeandikwa dhidi ya ponografia. Kesho jimbo lolote laweza kuiandika dhidi ya gazeti, kanisa au muuza silaha. Haki inayosubiri mpaka ushtakiwe ndipo ikulinde huwa haiwafikii wanyonge, kwa sababu mnyonge hufunga duka kabla ya siku ya kusikilizwa.

Texas, kwenye suala la umri, ilichagua njia tofauti, na kwa kuichagua ikalipatia jibu swali hilo la uhalali. Sheria yake ya 2023 ilimpa Mwanasheria Mkuu wa jimbo mamlaka ya kudai faini ya madai: hadi dola 10,000 kwa siku, na hadi dola 250,000 zaidi ikiwa mtoto ameingia. Kwa kuwa kulikuwa na ofisa wa kumshtaki, kesi ilikwenda mpaka juu. Tarehe 27 Juni 2025, kwa majaji 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu iliihalalisha. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba jimbo lina uwezo wa kuwazuia watoto na kwamba kumtaka mtu mzima athibitishe umri ni mzigo wa pembeni tu kwa haki yake. Alitaja kwamba majimbo yasiyopungua 21 mengine yalikuwa na masharti yanayofanana. Jaji Elena Kagan, kwa niaba ya watatu waliopinga, hakukataa kwamba watoto walindwe. Alitaka Texas ithibitishe kwanza kwamba hakuna njia nyingine ya kuwalinda isiyowabebesha watu wazima mzigo huo.

Maktaba ya kijijini

Kwa tovuti, basi, jambo limetulia kiasi. Linalonikosesha usingizi ni Idaho.

Sheria ya Idaho nambari 710 ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na haihusu kampuni za ngono. Inahusu maktaba na shule. Mzazi, au mtoto mwenyewe, anaandika barua kwamba kitabu fulani kina madhara kwa watoto. Maktaba ina siku 60 za kukihamishia sehemu ya watu wazima. Isipofanya hivyo, mzazi anaweza kufungua kesi ya kudai dola 250, pamoja na fidia ya hasara halisi na amri ya mahakama.

Dola 250 ni ndogo kuliko saa moja ya wakili, na hapo ndipo penye uzito wake. Maktaba inayojitetea itatumia maelfu kuokoa dola 250, hata ikiwa kitabu hakina kosa. Maswali yale matatu ya Miller, ambayo majaji tisa wa Washington hawakuweza kukubaliana nayo, sasa lazima yajibiwe na mkutubi mwenye bajeti ya mji mdogo, ndani ya siku 60, kwa kila barua. Njia ya usalama ni kukiondoa kitabu.

Huko Donnelly, mji mdogo wa Idaho, maktaba ya umma iko katika jengo dogo lisilo na mahali pa kutenga chumba cha watu wazima. Haikuwa na rafu ya kuhamishia kitu. Kwa hiyo mwaka 2024 ilijitangaza yote kuwa ya watu wazima: aliye chini ya miaka 18 hakuingia tena bila mzazi au bila karatasi ya ridhaa. Watoto walikuwa wakienda hapo baada ya shule.

Lakini waandishi wa sheria ya Idaho hawakufuata mbinu ya Utah hadi mwisho. Mbali na wazazi, waliwapa pia waendesha mashtaka wa wilaya na Mwanasheria Mkuu wa jimbo uwezo wa kuiomba mahakama itoe amri dhidi ya maktaba. Kwa hiyo yupo ofisa wa kushtakiwa. Februari 2025 wachapishaji wakubwa wa vitabu walifungua kesi ya kikatiba dhidi ya maofisa hao, na miongoni mwa walalamikaji waliotia saini pamoja nao ilikuwamo maktaba ya Donnelly.